Sindano ya Asubuhi na Mfungo wa Siku Tatu

Ninyi mlioanza mwaka huu kuzunguka nyumba kwa nyumba na mabegi yenu mapya, mmeniomba niwaandikie namna ya kumfundisha mgonjwa kula. Nimekubali, ila sitaanza na chakula. Nitaanza kwa kukiri kwamba niliwahi kukaribia kumuua mtu. Alikuwa mgonjwa wangu, nilimpenda, na nilichotumia ni mafundisho yangu mwenyewe, yale yale ninayosikia mnayakariri mkingoja kupangiwa maeneo.

Kwa asiyenijua: mimi ni Mama Aline. Nilitoka Bukavu nikiwa msaidizi wa wauguzi, nikafika Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya huku Malawi, mikono mitupu, na humo kambini nikafanya kazi ya kujitolea ya afya mpaka magoti yalipokataa. Sasa nakaa Nsungwi, Lilongwe, kwa binti yangu, na kazi yangu kubwa ni kugombana na wajukuu juu ya biskuti. Presha, sukari, upungufu wa damu, watoto waliokonda, wajawazito wanaotafuna udongo, vyote vilipita kwenye daftari langu la matembezi. Nililiamini sana daftari lile.

Karatasi mlizopewa kwenye semina nimeziona. Ni nzuri. Kuna picha ya sahani iliyogawanywa, nusu mboga, robo wanga, robo nyama au samaki. Huyo samaki wa kwenye picha, mnene na mwekundu, hajawahi kukanyaga Dzaleka. Sisi tuna usipa, dagaa wa ziwani, tena ukipatikana. Kwa hiyo jambo la kwanza, acheni kuwatajia watu chakula ambacho hawana. Mimi mwaka wangu wa kwanza niliwaambia akina mama ishirini waweke yai kwenye uji wa mtoto. Walinisikiliza kwa adabu, wakanishukuru, wakaenda zao. Baadaye mmoja akaniuliza kama hilo yai nitalitaga mimi. Nilicheka, lakini usiku sikucheka. Wiki iliyofuata nilirudi na unga wa soya na karanga za kusaga, vitu walivyokuwa navyo, nikawaonyesha uji mzito usiomwagika haraka ukiinamisha kijiko. Hapo walinisikiliza kweli.

Aliyenifundisha kazi alikuwa muuguzi wa Kimalawi, Mayi Phiri, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini na subira isiyoisha. Siku ya kwanza alinipeleka kwa mzee mwenye presha. Nilimuuliza kama bado anakula chumvi, na kabla hatujamaliza kuongea Mayi Phiri akachuchumaa jikoni, akafunua sufuria, akanusa. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Kwetu mgeni akifunua chungu chako, mtaa mzima utasikia habari zake. Yule mzee alikuwa ametuapia kwamba ameacha chumvi. Ni kweli, chumvi aliacha. Ila kwenye mboga alikuwa ameponda vidonge vinne vya kukolezea supu, ambavyo ni chumvi tupu iliyovaa karatasi nzuri. Mayi Phiri akaniambia tukiwa njiani, "Mzee hakudanganya. Wewe uliuliza chumvi, akakujibu chumvi." Tangu siku ile nikawa mfunuaji wa sufuria, na nikajiona fundi.

Sasa Mama Bahati.

Alikuwa mshonaji, mjane, mtu wa Bukavu kama mimi, wa maneno mengi na kicheko kinachosikika vibanda vitatu mbele. Aliishi na watoto wake wawili na mdogo wake Espe, msichana mkubwa, mkimya, aliyeuza nyanya na mchicha, lenga-lenga kwa lugha yetu, sokoni. Mama Bahati alianza kukonda, akawa anakunywa maji ndoo kwa ndoo, kisha kidonda kwenye kidole cha mguu kikakataa kupona. Hospitali ya Lilongwe ikamwanzishia sindano za insulini, moja asubuhi, moja jioni. Nilimsindikiza mimi. Wakati wa kurudi tulishuka kwenye soko la Area 25, yeye akanunua nyuzi, mimi nikanunua vyungu viwili, kikubwa na kidogo. Unaingiza kidogo ndani ya kikubwa, unajaza mchanga katikati, unamwagia maji mchanga huo asubuhi na jioni, na dawa inakaa baridi hata kama huna umeme. Andikeni hilo, litawafaa.

Nilimfundisha vizuri, nasema bila aibu. Nsima, ugali wa huku, isizidi ngumi yake. Mboga zianze kuliwa kabla ya nsima. Sombe, yaani kisamvu, sawa, lakini mafuta ya mawese yapimwe kwa kijiko, si kwa mapenzi. Kila jioni aoshe miguu, aikaushe katikati ya vidole, azishike nyayo kwa mkono na kuzitazama, kwa sababu mguu wa mwenye sukari unaweza kuchomwa na msumari usimwambie mwenyewe. Na sindano asiruke. Hilo nililisema kwa ukali, nikamnyooshea kidole: hata ukiwa na huzuni, hata ukiwa na wageni, sindano usiruke.

Kulikuwa na somo moja zaidi, na Mayi Phiri alinipa tangu mwanzo. Kila anayechoma insulini lazima awe na sukari mfukoni, na watu wa nyumbani wajue dalili za sukari kushuka: jasho la ghafla, kutetemeka, moyo kwenda mbio, maneno yasiyoeleweka, hasira isiyo na sababu, kisha kuanguka. Wakiona hivyo wampe kitu kitamu papo hapo, na baada ya hapo chakula.

Somo hilo sikumpa. Najua kwa nini, na ninyi mjue. Mwezi mmoja kabla ya sindano, nikiwa nimeshamkataza vitamu, nilimkuta kwenye harusi, soda mkono huu, andazi mkono huu, akaniona akaficha andazi ndani ya kitenge. Nikasema moyoni, huyu nikimwambia kuna siku sukari ni dawa, kila siku ataifanya kuwa siku hiyo. Sikumwamini. Badala yake nilimwita Espe nikamwambia atoe sukari yote nyumbani, kwamba kwa dada yake ni sumu, hata kijiko kimoja. Espe akaifanya kazi hiyo kama askari wa zamu. Nikasema hivyo hivyo kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa lao, ili mtu yeyote asimpe chai tamu. Nilirudi nyumbani nimefurahi.

Basi kanisa lao likatangaza mfungo. Siku tatu kavu, bila chakula na bila maji, kuwaombea wanaosubiri majibu ya dossier zao, faili za maombi ya kwenda kuishi nchi nyingine. Dossier ya Mama Bahati ilikuwa imekaa miaka. Mlio watu wa maombi mnajua desturi yetu: anayefunga hasemi. Anaoga, anapaka mafuta, anatabasamu, anapika, anapakulia wengine. Ukimuuliza kama amekula hatakudanganya, maana kudanganya ni dhambi, lakini hatakuambia pia, kwa sababu mfungo uliotangazwa umeshaharibika. Mimi mwenyewe nimelelewa hivyo. Nilijua yote haya, ila ile siku sikuyakumbuka.

Jumatano, siku ya kwanza, nikapita kwake mchana kama kawaida. Alikuwa anapiga pasi ya makaa, jasho linamtiririka. Nikasema ni joto la pasi.

"Mama Bahati, umekula?"

"Ee mama, tunashukuru Mungu," akasema, akacheka kile kicheko chake.

Nikafunua sufuria. Sombe nzuri, usipa ndani, mafuta kidogo, nsima pembeni imefunikwa. Nikanusa, sikusikia vidonge vya supu. Nikaandika kwenye daftari: anakula vizuri. Ile sufuria ilikuwa ya watoto na Espe. Sikuuliza ni nani amekula kutoka humo. Na asubuhi ile alikuwa amejichoma sindano, na jioni akachoma tena, na Alhamisi asubuhi akachoma tena, kwa utii, kwa sababu Mama Aline alikataza kuruka.

Alhamisi kabla ya saa sita nilikuwa napita karibu na kanisa lao nikielekea kwa mtoto mwenye kuhara. Mwanamke mmoja akatoka mbio, uso unang'aa kwa furaha.

"Mama Aline, kuja! Kuja uone! Roho imemushukia Mama Bahati!"

Niliingia nikitabasamu. Walikuwa wamemzunguka wanaimba, wanapiga makofi, na Pasta Eliya, mchungaji wao, amemwekea mkono kwenye kipaji cha uso. Mama Bahati alikuwa amelala mkekani anatetemeka mwili mzima, anatoa maneno ambayo si Kiswahili, si Mashi ya kwetu Bukavu, si lugha yoyote. Wengine walikuwa wanalia kwa kushukuru. Nikapiga magoti nikamshika shingo. Ilikuwa baridi, na kitenge chake kimelowa kana kwamba kimetoka kufuliwa. Tabasamu liliniisha pale pale. Nilijua ni nini.

"Pasta, toa mukono. Hii haiko Roho. Mwili yake inaishiwa sukari."

"Mama Aline, usiseme vile mbele ya bantu ba Mungu."

"Amekula lini?"

Wimbo ukapungua lakini hakuna aliyejibu, kwa sababu hakuna anayetangaza mfungo wa mwenzake.

"Amekula lini!" Nilipiga kelele ndani ya nyumba ya ibada, mimi, mwanamke wa heshima.

Bibi mmoja aliyekuwa karibu na ukuta akasema polepole, "Jana hatukukula, mama. Bote. Hata maji."

"Na sindano?"

"Asubuhi nilimuona anachoma," akasema Espe. Alikuwa amefika na beseni lake la nyanya bado kichwani, mtu alimwita sokoni. "Hakosangi sindano. We njo ulimukataza kuruka."

Nikaomba sukari. Ilikuwepo, tena ya kutosha, kwa sababu walikuwa wameweka ya uji wa kufungulia siku ya Ijumaa. Mama mmoja akaja nayo kwenye kikombe. Na hapo Espe akatua beseni, akasimama kati yangu na dada yake, akatanua mikono.

"Hapana! Usimupatie!"

"Espe, toka njiani."

"We njo ulisema sukari ni sumu kwake! Ulisema kijiko moja itamuua! Nimefunga sukari ku sanduku mwaka muzima, batoto banakunywa chai chungu, juu ya maneno yako. Leo unataka nimumalize na mukono yangu?"

"Ni kweli ulisema," sauti nyingine ikatoka nyuma. "Ulisema hapa hapa, ku réunion ya bamama."

Nilitazama nyuso zile. Walikuwa wanafunzi wangu wazuri kabisa, hawakusahau hata neno moja. Mama Bahati nyuma ya miguu ya Espe aliacha kutetemeka, na hilo liliniogopesha kuliko kutetemeka. Mashine yake ya kupimia haikuwa na kazi, vijikaratasi vyake vya kupimia vilikuwa vimeisha mwezi uliopita. Shaka ikaniingia kidogo: je, kama sukari yake iko juu? Kisha nikakumbuka Mayi Phiri alivyoniambia: mgonjwa wa sindano akibadilika ghafla na huna kipimo, mpe sukari. Kama ilikuwa juu, kijiko hakitamuua. Kama imeshuka, kila dakika unayobishana inamla ubongo.

Mimi ni mtu wa kiburi, mume wangu Papa Aline anasema hivyo na watoto wangu wanasema hivyo. Miaka yote kambini sikuwahi kumwambia mgonjwa "nilikosea." Nilikuwa nasema "utaratibu umebadilika." Lakini Espe alikuwa ananitazama machoni, na hakuwa mtu wa kudanganywa na utaratibu.

"Espe, sikia. Mi njo nilikosea. Nilikufundisha nusu. Nusu ingine nilificha, juu sikuwaamini. Sindano inashusha sukari, chakula inaipandisha. Yee amechoma, hakukula. Sasa hana kitu ndani. Tukingoja, anakufa hapa."

"Unasema vile juu unaogopa."

"Ee, naogopa! Naogopa sana!"

Nikampigia magoti. Nina umri wa kumzaa, na nilimpigia magoti mbele ya kanisa zima, kikombe cha sukari mkononi. Espe aligeuka akamtazama dada yake.

"Na akikufa?"

"Utasema ni Mama Aline. Bantu bote hapa ni mashahidi."

Akashusha mikono. Hakuondoka, alikaa chini akakiweka kichwa cha dada yake mapajani. Mtu akaja na kikombe cha maji ya sukari akitaka kummiminia mdomoni, nikamsukuma. Hili mlishike kuliko yote niliyoandika: mtu asiyeweza kumeza usimmiminie chochote, kitaingia kwenye mapafu. Tulimlaza ubavu. Nililowesha sukari kwa matone machache, nikachukua kidogo kwa kidole, nikapaka ndani ya shavu na kwenye ufizi. Tena. Tena. Meno yake yalibana kidole changu mpaka damu ikatoka, sikukitoa. Nikamwambia Pasta atafute kabaza mbili, pikipiki za abiria, zingoje mlangoni. Alikimbia mwenyewe, na koti lake.

Nilisikia mashine ya kusaga mahindi huko mbali na pumzi ya Espe. Sijui ilikuwa dakika ngapi, mnaponiuliza mimi husema kumi, lakini sikutazama saa. Nilichotazama ni koo lake. Nilikuwa naomba limeze. Nilikuwa namwambia Mungu mambo ambayo sitayaandika.

Koo likameza. Kisha likameza tena. Macho yakafunguka, yakazunguka, yakanipata. Alilamba midomo na uso wake ukabadilika.

"Nani amenipatia sukari?"

"Ni mimi."

"Mumevunja mfungo yangu," akasema, akaanza kulia, si kwa maumivu, kwa hasira. "Siku ya pili, Mama Aline! Ningemaliza. Batoto bangu banangoja dossier."

Nilitaka kumkumbatia na kumpiga kofi kwa wakati mmoja. Espe ndiye aliyefanya yote mawili, kofi kwenye bega na kumkumbatia, akilia kwa sauti, yule msichana mkimya. Alipoweza kumeza sawasawa tukampa chai tamu, kisha nsima ya jana kutoka kwa jirani, maana sukari peke yake huisha haraka na mtu huanguka tena. Tukampakia kwenye kabaza, Espe nyuma amemshika kiuno, mimi na Pasta kwenye ya pili, tukaenda kituo cha afya. Hata baada ya sukari yote ile, kipimo chao kilionyesha bado iko chini. Walimweka chini ya uangalizi mpaka jioni.

Mayi Phiri alikuwa zamu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatazama kidole changu kilichofungwa kitambaa.

"Watu wa nyumbani mliwaambia dalili?"

"Hapana."

Nilitegemea anigombeze. Hakunigombeza. Alimwita Espe akamkalisha kwenye benchi, akaniambia nianze kufundisha, sasa hivi, yeye akisikiliza. Nilifundisha nikiwa na machozi, nikarudia mara tatu, na kila nilipomaliza Mayi Phiri alimwambia Espe, "Sasa wewe mfundishe yeye." Espe alinifundisha mimi somo langu, dalili kwa dalili, bila kunitazama usoni. Alipofika kwenye "mpe sukari haraka" alirudia mara mbili bila kuambiwa.

Kwa hiyo vijana wangu, swali la "umekula?" ni swali la salamu, na mtu atakujibu salamu. Ukiingia nyumba ya mtu wa dawa, uliza kwanza: wiki hii kanisani kwenu kuna maombi gani? Kwa Waislamu uliza Ramadhani inaingia lini, na uulize mapema, si siku ya mwezi. Mjue kalenda za wachungaji na masheikh wenu kuliko mnavyojua kalenda ya chanjo. Anayetaka kufunga na ana dawa, mpelekeni kwa daktari kabla, wengine watabadilishiwa muda na kipimo, wengine wataambiwa hapana, na ninyi wala mgonjwa msijibadilishie wenyewe. Wa sindano asithubutu bila daktari. Mama Bahati siku hizi anafunga kuongea. Tangu alfajiri mpaka saa sita hasemi neno, anashona tu. Kwa mtu kama yeye huo ni mfungo mgumu kuliko wa chakula, majirani wanakubali.

Wiki ile nilimfuata Pasta Eliya nikiwa nimejaa hasira. Nilimkuta amekaa peke yake kanisani. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Niliweka mukono yangu juu ya mutu anayekufa, nikasema asante." Hasira ikaniisha. Tukakaa. Alikuwa na maombi ya kila Jumatano, mfungo kavu wa kutwa, na hakujua ni wangapi kati ya watu wake wana dawa nyumbani. Kuwauliza hadharani haiwezekani, wasingesema. Ndipo akapata njia yake. Jumatano ijayo wote watafumba macho, yeye pia, na mwenye dawa ambaye hajala siku hiyo atainua mkono. Mimi nitasimama mbele, macho wazi, nihesabu na kuwajua ili niwafuate nyumbani kwa upole. Lakini aliniapisha: jina la mtu nisilitaje kwa yeyote, hata kwa mwenyewe nisimwambie kwamba nimemwona. Niliapa. Majina hayo sijayataja mpaka leo, ila moja, na mwenye jina ameniruhusu.

Nyumbani nilimsimulia Papa Aline, mume wangu, yote ya kanisani, isipokuwa mpango wa Pasta. Yeye alisali kwa Pasta Eliya, mimi kanisa jingine. Alikuwa fundi wa redio na simu, na ana presha ya miaka mingi: vidonge viwili kila asubuhi, kimoja cha presha, kimoja cha kukojolesha. Nilimpikia bila chumvi, nikamfungia chakula cha mchana kwenye bakuli lake la bati aende nacho kazini. Alinisikiliza mpaka mwisho akatikisa kichwa.

"Bantu bengine habako na akili kabisa," akasema.

Jumatano nikasimama mbele ya kanisa. Pasta akasema wafumbe macho, wakafumba, akauliza swali lake. Kwanza hakuna kilichotokea. Kisha mkono mmoja ukapanda, wa yule bibi wa karibu na ukuta. Kisha miwili pamoja. Nilianza kuhesabu nikiwa mtulivu, lakini kufika wa tano utulivu uliisha, maana watano hao wote niliwatembelea mwezi ule, na wote niliwaandika kwenye daftari kwamba wanakula vizuri. Ikafika tisa. Nikangoja.

Wa kumi ulipanda nyuma kabisa, karibu na mlango, polepole, kama mtu anayeogopa kuonekana na aliye pembeni yake. Kidole cha shahada kilikuwa na kovu jeusi la chuma cha kuunganishia waya. Jeraha la kovu hilo nililifunga bandeji mwenyewe. Kidonge cha kukojolesha tangu asubuhi, bila tone la maji, juani. Na bakuli la bati kila Jumatano lilirudi tupu, na mimi niliosha bakuli hilo nikifurahi.

Sikumsubiri. Nilikwenda nyumbani mbele yake, nikapika uji wa soya, nikachota kikombe cha maji, nikaviweka mezani. Aliingia, akatazama uji, akatazama jua bado liko juu, akanitazama mimi. Nilivuta kiti nikakaa mbele yake.

"Hii ni saa gani ya kukula?"

Nilikuwa nimeapa. Nilikaza midomo mpaka ikauma, na machozi yakanitoka bila ruhusa. Papa Aline alivua kofia, akaiweka mezani. Kisha akakaa, akanywa maji yote kwa pumzi moja, na akaniomba kijiko.